Pizza ya Ijumaa inaanza Alhamisi: kwa wewe unayeanza uasistanti meneja

Kama wiki hii umepewa barua kwamba we sasa ni asistanti meneja kwenye mgahawa wa pizza, hongera, na pole pia. Mi nilianzia kaunta hapa Dar, keshia wa kawaida, nikakaa pale mwaka na nusu, wakanihamishia jikoni, nikawa supavaiza, halafu ndo nikapewa hicho cheo ulichopewa wewe na nikadumu nacho miaka minne kwenye migahawa miwili. Majina ya migahawa niachie mwenyewe. Nataka nikwambie vitu ambavyo mi hakuna aliyeniambia, vingine nilivijua kwa kuumia na vingine nilivijua baada ya kuwaumiza watu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kazi hii inafanyika saa ya rashi, yaani kuanzia saa 12 jioni oda zinavyoanza kumiminika. Nilijiona shujaa. Ijumaa saa 2 usiku ungenikuta kwenye oveni, dakika mbili nipo kaunta, mara nakimbilia stoo, jasho linanitoka, sauti imekauka, na wenzangu wananisifia dada huyu anajituma. Mpaka siku moja meneja wangu, mama mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi, akanitazama nilivyo hoi akaniuliza, "Leo mchana ulikuwa unafanya nini?" Nikakosa jibu. Mchana nilikuwa ofisini na simu yangu.

Ilinichukua muda kumwelewa. Usiku huna cha kuamua. Madonge yaliyopo ni yale yaliyokandwa jana, watu waliopo ni wale uliowapanga wiki iliyopita, gesi iliyopo ni ile uliyoagiza asubuhi au uliyosahau kuagiza. Kukimbia kimbia kule kote nilikuwa nalipa madeni ya mchana.

Niliwahi kuishiwa luku Ijumaa saa 1 na nusu usiku, oda 14 zimeshaingia. Umeme haukukatika, uniti ziliisha tu, na mita ilikuwa kwenye chumba cha nyuma ambacho ufunguo anao mlinzi wa mchana na mlinzi wa mchana keshapanda daladala la Mbagala. Jenereta likawaka ila lilikuwa linabeba taa, mafriji na mashine za kaunta, oveni haliwezi. Tumekuja kuvunja kufuli, tumenunua tokeni, mikono inatetemeka naingiza zile namba 20 nakosea narudia, umeme ukarudi, na hapo ndo nikakumbuka kwamba oveni ikishapoa hauwashi ukapika hapo hapo, ya kwetu ilikuwa inataka karibu nusu saa kufika nyuzi 250. Usiku ule nilipiga simu za kuomba radhi mpaka betri ikaisha. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimepita mbele ya mlango wa kile chumba mara tatu, nilikuwa sijui tu kwamba napaswa kuangalia.

Kwa iyo kabla hujafungua ofisi na kujiita bosi, zunguka. Uniti za luku ngapi, mtungi wa gesi una uzito gani (utikise, usiulize mtu, ukiuliza utaambiwa ipo), dizeli ya jenereta, maji kwenye simtanki, friji zinasoma nyuzi ngapi. Friji ya kawaida isizidi nyuzi 5, friza iwe hasi 18 hivi. Andika kwenye daftari kwa kalamu. Dakika 15 zinatosha.

Sasa unga, maana hapa ndo utaelewa kwa nini nasema Ijumaa inaanza Alhamisi. Mfuko wa kilo 25 wa unga wa ngano, maji lita 15, chumvi nusu kilo, mafuta kidogo, hamira ya chenga kama gramu 75, ukikanda unapata madonge kama 150 ya gramu 270, hayo ni ya pizza ya inchi 12. Kila mgahawa una vipimo vyake lakini havipishani mbali sana. Hayo madonge hayatumiki leo, yanaingia kwenye friji ya nyuzi 3 au 4 yakae walau saa 24, yaumuke taratibu, ndo yanapata ladha na ndo yanakubali kutandazwa. Donge bichi ukilitandaza linajirudi kama raba ya manati, ukilazimisha linachanika, ukiliingiza hivyo hivyo kwenye oveni linatoa mapovu makubwa na chizi yote inakimbilia pembeni. Sasa Ijumaa saa 1 usiku ukigundua madonge yamebaki 20, hata ungekuwa na mifuko kumi ya unga stoo haikusaidii kitu. Alhamisi mchana ndo ulitakiwa uwe umeshaangalia kalenda ukajua kesho ni tarehe 25, watu wana mshahara, na ukamwambia mkandaji aongeze mkando mmoja.

Joto la Dar nalo lijue. Maelekezo mengi ya kukanda yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakwambia tumia maji ya bomba, sasa bomba lao wao linatoa maji baridi, bomba lako we mwezi wa pili linatoa maji ya kumwogeshea mtoto. Unga uliopo stoo una nyuzi 30, mashine nayo inaongeza joto kwa kule kukanda, ukimwaga maji hayo unga unaanza kuumuka ndani ya mashine. Tumia maji ya friji, ikibidi tia barafu ila ihesabiwe humo humo kwenye zile lita 15. Na trei zikiingia kwenye friji usizifunge kabisa muda huo huo, zipishanishe kwa msalaba hewa ipite, madonge yakishapoa ndo uzipange vizuri na kufunika. Ukizifunga na joto lake yale ya katikati yanaendelea kuumuka usiku kucha, kesho unakuta trei nzima imekuwa godoro. Mi nimeshatupa godoro la namna hiyo, na kulitupa inabidi uandike, tutafika huko.

Chizi. (Najua kwa Kiswahili sanifu ni jibini, lakini nenda jikoni useme nipe jibini uone watakavyokutazama, utaonekana chizi wewe.) Kwenye pizza hela kubwa imelala pale, sio kwenye unga. Pizza ya inchi 12 kwetu ilikuwa inapata gramu 150. Kijana wa kupanga chizi juu ya pizza akiwa na mkono mwepesi akatupia 190, hakuna atakayeona, mteja atafurahi kabisa, ila hizo gramu 40 ukizidisha kwa pizza 120 ni kilo 4 na gramu 800 kwa siku, kwa mwezi kilo 144. Piga mwenyewe kwa bei ya kilo unayonunulia. Na ukisikia mgahawa unajaza watu kila siku halafu mishahara inachelewa, mara nyingi hela imepita kwenye mikono ya namna hii, wala hakuna mwizi.

Kwenye hili la mwizi nina aibu yangu. Mwezi wa tatu kwenye cheo nikahesabu stoo Jumapili usiku nikakuta chizi pungufu karibu kilo 20 kwa wiki. Kichwa kikaenda moja kwa moja kwa kijana mmoja wa jikoni ambaye alikuwa anaondoka na begi kubwa kila siku. Nikamwita mbele ya wenzake nikafungua begi. Lilikuwa na madaftari, jamaa alikuwa anasoma masomo ya usiku, anataka kurudia mtihani wa fomu foo. Siku mbili baadaye ndo nikagundua kikombe cha kupimia chizi kilivunjika na mtu kwa nia njema kabisa akaenda Kariakoo kununua kingine kinachofanana, ila hiki kipya kinabeba gramu 180. Gramu 30 mara pizza 95 za wastani mara siku 7, hiyo hapo kilo 20 yako. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale niliomwaibisha mbele yao, akasema hamna shida dada, lakini mwezi uliofuata akaacha kazi na mi najua kwa nini. Mdogo wangu, ukikuta upungufu anza na mizani, kikombe, na daftari la kupokea mzigo. Mtu awe wa mwisho.

Hesabu ya stoo yenyewe haina uchawi: ulichoanza nacho, jumlisha ulichopokea, toa kilichobaki, hicho ndo kimetumika. Kisha chukua mauzo uone pizza zilizouzwa zilipaswa kutumia kiasi gani. Tofauti ya vitu hivyo viwili ndo inayokupa kazi. Hesabu siku ile ile na saa ile ile kila wiki, mgahawa ukiwa umefungwa, usihesabu huku watu wanachota. Na kilichotupwa kiandikwe: pizza iliyoungua, oda iliyokosewa, lile godoro, nyanya zilizooza. Wafanyakazi wanaogopa kuandika kwa sababu wanajua ukiona utafoka. Ukifoka mara ya kwanza daftari litakuwa safi milele na chizi itaendelea kupotea. Ukipokea mzigo pima mwenyewe, fungua katoni, angalia tarehe ya mwisho, na cha zamani kisogezwe mbele kitumike kwanza. Msambazaji akija saa ya rashi mwambie asubiri, wanaijua ile saa na baadhi wanaipenda.

Kuna hesabu moja ndogo ya kuchekesha. Madonge makubwa yakiisha keshia atamwambia mteja tukupe mbili ndogo badala ya moja kubwa, na wote wawili wanaona ni sawa. Pizza ya inchi 14 ina eneo la inchi za mraba kama 154, mbili za inchi 9 ukiziunganisha hazifiki 128. Umempunja. Siku moja mteja mwalimu wa hisabati alinichorea hiyo kitu kwenye kitambaa cha karatasi mbele ya foleni, nikampa na soda.

Hela ya kaunta. Keshia aanze na chenji iliyohesabiwa na watu wawili, afunge na hela iliyohesabiwa na watu wawili, mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, itoe Z ripoti, yaani jumla ya mauzo ya siku, na hiyo ripoti ifanane na mauzo ya kompyuta. Risiti kila mteja apewe hata akisema hataki. Malipo ya simu ndo yenye mitego, mtu anakuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba hela imetoka, ana haraka, mtoto analia kwenye gari. Meseji ya mteja sio hela, subiri iingie kwenye simu ya mgahawa, na hiyo simu iwe na chaji na ikae kaunta, isiwe mfukoni mwako wakati umeenda msalani. Kufuta oda iliyokwishalipiwa iwe kwa neno lako la siri tu, na usimpe keshia hilo neno hata kama umechoka kuitwa itwa. Mi nilimpa rafiki yangu. Nikaja kulipa.

Na shoti ikitokea, yaani hela ya kaunta ikipungua, ule mtindo wa kumkata mtu mshahara palepale mwisho wa shifti, acha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuruhusu kukata tu kwa sababu umekasirika, mtu anatakiwa aambiwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Nimeona mtu wa usafi anakatwa mshahara kwa sahani iliyovunjika. Mwisho wa siku mnaishia CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, mgahawa unalipa mara kumi ya ile sahani.

Tukiwa kwenye sheria, rosta. Sheria hiyo hiyo inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ziada inalipwa mara moja na nusu na isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, mtu akifanya kazi saa tano mfululizo apate mapumziko ya saa nzima, na saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Kitu ambacho migahawa mingi inakikanyaga ni kufunga na kufungua, mtu anafunga saa 6 usiku akimaliza usafi ni saa 7, halafu umempanga afungue saa 3 asubuhi. Anatakiwa apumzike saa 12 mfululizo. Na ukiacha sheria, piga hesabu ya barabara: anakaa Gongo la Mboto au Kibamba, saa 7 usiku hiyo daladala anaipata wapi, amefika nyumbani saa 8 na nusu, amelala saa 9, saa 12 anatakiwa awe kituoni. Huyo ndo unayemtegemea apime gramu 150. Mi nilipanga wanaofunga kwa mitaa yao, wa upande mmoja wanaondoka na bajaji moja inayolipwa na mgahawa, mwenye mali alilalamika wiki mbili halafu akazoea, na wasichana wakaacha kukataa shifti ya usiku.

Wewe mwenyewe sasa. Hizo saa 45 huenda zisikuhusu, maana vifungu vya saa za kazi vinawaacha nje wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa. Ndo maana wanakupandisha cheo kwa furaha, nyongeza ya mshahara laki moja na overtime imeondoka. Kabla hujasaini uliza kwa mdomo na kwa maandishi, siku ya mapumziko ni ipi, nikibaki mpaka saa 8 usiku inahesabiwaje, likizo ya siku 28 naipata lini. Mi sikuuliza. Mwezi wa kwanza nilipata kidogo kuliko nilivyokuwa supavaiza, nikalia chooni, nikanawa uso nikarudi kaunta.

Kuhusu watu uliokuwa nao jana. Watakuita bosi kwa kejeli wiki ya kwanza, itikia tu. Kutakuwa na mmoja aliyetegemea cheo kiende kwake na ana miaka mingi kuliko wewe, huyo usimkwepe, kaa naye peke yake mwambie kaka mi kwenye oveni sikufikii, nataka oveni iwe chini yako na mi nisiingilie. Na umaanishe. Mkopo mdogo mdogo wa elfu kumi kumi kwa wafanyakazi usianzishe, utashindwa kumwambia mtu amechelewa huku anakudai au unamdai. Kijiwe cha kumsema meneja utakikosa, utajisikia mpweke kidogo, ndo hivyo.

Ila kosa kubwa la wasaidizi, na mi nililifanya mwaka mzima, ni kusema "meneja kasema". Meneja anakwambia punguza mtu mmoja Jumatatu hadi Jumatano biashara ni ndogo, unaenda kwa wenzako unashusha mabega unasema mi sipendi ila meneja kasema. Siku hiyo utapendwa. Wiki ijayo hawakusikilizi kabisa, maana umeshawaambia kwamba we ni tarishi. Kama hukubaliani kabishane ofisini mlango umefungwa, na ubishane kweli, na namba mkononi. Ukitoka nje sema "tumeamua". Na upande wa pili hivyo hivyo, wafanyakazi wakikutuma ukamwambie meneja feni ya jikoni mbovu, usiseme "wanalalamika", sema feni mbovu, jikoni kuna nyuzi 40, naomba fundi kesho.

Haya, saa 12 imefika, oda zinaanza. Usishike donge. Najua unaweza, najua mkono wako ni mzuri kuliko wa yule mgeni, lakini ukishika donge hauoni tena kinachoendelea. Simama kwenye meza ya kukatia, pale pizza inapotoka kwenye oveni inakatwa na kuingia kwenye boksi. Kila kitu kinapita pale. Unaona skrini ya oda, unaona rangi ya pizza, unaona keshia amezidiwa, unaona boda wamekaa watatu hawana mzigo. Oda isiyo sahihi inakamatwa pale kabla haijafika Mikocheni.

Na ijue oveni yako inabeba nini. Ile ya mkanda, pizza inaingia mbichi upande huu inatokea huku imeiva, kama inachukua dakika 7 na mkandani zinakaa 4 kubwa kwa mpigo, basi kwa saa nzima ni pizza 34, hata aje nani. (Wenye tanuri la kuni wao ni habari nyingine, nyuzi zaidi ya 400, dakika moja na nusu imetoka, lakini nao wana mtu mmoja tu anayeweza kuizungusha na siku akiumwa mnafunga.) Sasa kuna oda 50 zimeingia ndani ya nusu saa na keshia bado anaahidi dakika 30. Hapo ndo kazi yako, nenda kaunta umwambie kuanzia sasa aahidi dakika 75, anayetaka asubiri, asiyetaka aende kwa amani. Mteja aliyeambiwa dakika 75 akapata kwa 70 anashukuru. Aliyeambiwa 30 akapata kwa 50 anatukana ukoo. Kijana wa oveni atakushauri tuongeze kasi ya mkanda na tupandishe moto, usikubali, juu inaungua katikati inabaki unga, na utazirudia zote kwa hiyo hiyo oveni iliyozidiwa.

Delivari. Anwani za Dar unazijua, "geti jeusi karibu na duka la Mangi", na kila mtaa una geti jeusi na duka la Mangi. Boda apige simu kabla hajatoka, sio akishafika. Awe na chenji. Boksi likae limelala ndani ya begi la joto, lisisimamishwe ubavu hata kama begi lina vitu vingine, maana chizi yote inahamia kona moja, na zile tundu za boksi zifunguliwe, zisipofunguliwa mvuke unarudi kwenye pizza inafika imelowa. Masika, mvua ikianza kubwa, punguza eneo la kupeleka mapema, usingoje mpaka Jangwani imejaa maji na una vijana wanne ng'ambo ya pili. Na hao boda usiwapigie kelele ya haraka wakiwa barabarani, simu yako ya tatu ndo inayomtoa mtu kwenye breki.

Kalenda yako isiwe ya ukutani tu. Ramadhani mchana kumekufa, halafu oda zote zinakuja kwa wakati mmoja watu wafuturu, kwa iyo anza kuchukua oda za kupanga kuanzia saa 9 mchana na uzipange kwa dakika. Wafanyakazi waliofunga wafuturu kwanza, tende na maji na uji, wasiofunga ndo washike oveni hiyo nusu saa, panga hilo kabla mwezi haujaandama. Kama mgahawa unauza nguruwe, visu, ubao na trei zake ziwe tofauti mwaka mzima, sio Ramadhani tu, na mtu akikuuliza jibu ukweli. Siku ya Simba na Yanga oda zinakuja kabla ya mpira na mapumziko, dakika 90 za mchezo unaweza kufanya usafi. Januari ada za shule, hakuna mtu, hapo ndo wape watu likizo na itengenezeni ile feni.

Mteja akilalamika, usianze na maelezo. Pole kwanza, kisha uliza alitegemea nini, kisha itengenezwe nyingine inayopita mbele ya foleni, na uipeleke we mwenyewe mezani. Anayekula vipande sita kati ya nane kisha analalamika yupo, atakuja kama mara mbili kwa mwezi, mpe tu. Ni unga na gramu 150. Kinachoniuma mi ni yule asiyelalamika, anaacha nusu sahani, analipa, anasema asante dada na humwoni tena, huyo ndo wa kumkimbilia mlangoni.

Kadi za afya za wafanyakazi weka faili moja kaunta, na tarehe zake ziandikwe mbele kwa kalamu nyekundu, bwana afya hapigi hodi siku uliyojiandaa. Kizima moto kiangalie kama hakijapita muda.

Na ule ufunguo wa chumba cha mita, wiki hii hii chonga wa kwako. Fundi funguo wa pale kituoni atakuchaji hela ya soda mbili. Wa kwangu ulikaa kwenye kamba shingoni miaka yote minne, hata siku ya harusi ya mdogo wangu nilienda nao.